Pasipoti ya Tanzania, kura ya Stowmarket

Yule mama wa mezani aliifungua pasipoti yangu, akaangalia picha, akaniangalia mimi, akarudi kwenye picha, halafu akashusha miwani na kuanza kupitisha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa mezani kwa selotepu. Orodha ya vitambulisho vinavyokubalika. Mi nimesimama pale na nguo za kazini, nyuma yangu kuna mzee na mbwa wake (mbwa wanaingia vituo vya kura huku, msiniulize), na moyoni nishaanza kujiandaa kuambiwa samahani kijana, hii hapana.

Kidole kikasimama.

"Jumuiya ya Madola," akasema, kama anajisomea mwenyewe. "Tanzania imo. Haya, karibu."

Ilikuwa Alhamisi, Mei 4, 2023, ukumbi wa kijiji nje kidogo ya Stowmarket, mkoa wa Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Ndo ulikuwa uchaguzi wa kwanza England nzima watu kulazimishwa kuonyesha kitambulisho chenye picha, kabla ya hapo ulikuwa unataja jina na mtaa tu wanakupa karatasi. Nikaingia kwenye kale kaboksi ka mbao, kuna penseli imefungwa kwa kamba, nikaweka alama ya X, sio ile vema yetu, nikatumbukiza, nikatoka. Hamna wino kidoleni. Nikawahi shifti ya mchana.

Wala sikuiwaza tena kwa muda mrefu.

Halafu mwishoni mwa mwaka jana dada mmoja wa Bukavu, Kongo, tunafanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee, tuko jikoni tunasubiri birika lichemke, akaniuliza kwa kile Kiswahili chao kitamu: "Kaka, weye na pasipoti ya Tanzania unachaguaka huku. Na kwenu unachaguaka?"

Nikamwambia hapana, ukiwa nje hauwezi.

Akacheka sana. "Sasa weye uko raia wa wapi?"

Birika likachemka, tukarudi kazini. Ila hilo swali nimelala nalo na kuamka nalo wiki na wiki, ndo maana naandika.

Ramani ya zamani

Kwa ambao hamko huku niwaeleze haraka. Ukiwa raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola na unaishi Uingereza kihalali, unajiandikisha na unapiga kura zote, kuanzia ya diwani mpaka ya mbunge. Hauhitaji uraia wao. Ukiwa na kibali cha kudumu unaweza hata kugombea udiwani. Kwa hiyo Mtanzania anapiga, Mkenya anapiga, Mganda anapiga. Mnyarwanda naye anapiga, maana Rwanda iliingia Jumuiya ya Madola 2009 ingawa Mwingereza hajawahi kuitawala.

Mkongo huku England hapigi. Mrundi hapigi. Muomani ambaye bibi yake kazaliwa Unguja naye hapigi.

Yaani yule dada wa Bukavu alinitangulia kufika hapa miaka mingi, analipa kodi ya halmashauri ile ile, pipa lake la taka linachukuliwa siku ile ile na langu, watoto wake wamesoma shule za hapa wanaongea kama watu wa hapa hapa, lakini ule mlango wa ukumbi wa kijiji kwake umefungwa kwa sababu karne iliyopita aliyekaa Bukavu alikuwa Mbelgiji. Na mimi umefunguliwa kwa sababu aliyekaa Dar alikuwa Mwingereza. Ukiiacha Rwanda, hamna sababu nyingine. Nimeitafuta nyingine sijaiona.

Na nyumbani kwake ndo kabisa. Kongo 2023 walijaribu kuwapigisha kura raia wao walio nje, wakaanza na nchi 5: Ubelgiji, Ufaransa, Afrika Kusini, Marekani na Canada. Uingereza haikuwemo. Kwa hiyo yeye hana kura popote duniani.

Mimi ninayo. Ila ni ya Stowmarket, sio ya Tandika, Dar.

Hapa ndo panaponikera. Ile pasipoti imeandikwa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ina mwenge na yule bwana na bibi wa nembo, nikiishika England inanipa haki ya kumchagua diwani wa Mid Suffolk, lakini haiwezi kunipa kura ya diwani wa kata niliyozaliwa kama sipo pale kimwili. Na nikichukua ya Mwingereza, hiyo ya nyumbani inabidi niirudishe, sheria yetu haitaki uraia pacha. Wengi wetu tunaishi hivi, kibali cha kudumu mkononi, uraia hatuchukui, kura tunapiga ya watu.

Matokeo yenyewe

Sasa, ile kura ya 2023 ilizaa kitu ambacho wenyeji wenyewe nusu yao hawakijui.

Halmashauri ya wilaya ya Mid Suffolk ina viti 34. Ni mashamba matupu, Stowmarket ndo mji mkubwa, halafu Needham Market, halafu Eye, katikati yake ngano, mashine za mashamba, na makanisa ya mawe ya karne na karne. Ni sehemu ambayo Conservative, chama kilichokuwa kinatawala nchi, walikuwa wanaiona yao tangu enzi. Uchaguzi wa 2019 walipata viti 16, Green 12, Liberal Democrats 5, na mgombea binafsi 1. Conservative wakaendelea kuongoza kwa kuungaunga.

2023 Green wakapata 24.

Conservative 6. Liberal Democrats 4. Imeisha.

Green, chama cha mazingira ambacho watu wengi wanadhani ni cha wanafunzi wa Brighton na baiskeli zao, kimeshika wengi wa viti vya halmashauri peke yake kwa mara ya kwanza kabisa katika historia ya Uingereza, na sio Brighton wala Bristol, ni huku kwa wakulima. Tena Brighton waliwahi kuongoza ila bila kufikisha nusu ya viti. Sababu mtaani zilikuwa za kawaida tu: watu wamechoka na serikali ya London baada ya vituko vya mawaziri wakuu Johnson na Truss (mwaka ule Conservative walipoteza madiwani zaidi ya 1,000 England nzima), watu wana hasira na majumba mapya yanayojengwa kwenye mashamba bila zahanati wala barabara, na Green walikuwa wamegonga milango yote kwa miaka, sio wiki mbili za kampeni.

Sasa mi nikategemea kishindo. Jamani, chama tawala kimepigwa kutoka 16 mpaka 6!

Hamna kitu. Jumamosi yake, Mei 6, Mfalme Charles akatawazwa, nchi nzima ikahamia kwenye mabendera na keki. Jirani yangu, mzee mstaafu ambaye alikuwa wakala wa upande ulioshindwa, nilimkuta anapogoa maua ya uzio. Nikamuuliza vipi mzee, nasikia mmeanguka. Akasema ndo hivyo, wametupiga kihalali, halafu akaanza kunilalamikia kuhusu konokono.

Konokono!

Mkurugenzi yule yule

Kuna kitu nilikuja kukijua baadaye kikanivuruga kabisa, na hiki ndo nilitaka tukikalie kidogo.

Kwetu kila uchaguzi ukifika kelele ya kwanza ni ipi? Mkurugenzi wa halmashauri. Kwamba huyu ni mteule wa Rais, Rais ni mwenyekiti wa chama, halafu ndiye msimamizi wa uchaguzi, ndiye anayetangaza nani kashinda. Mnakumbuka kesi ya mwanaharakati Bob Chacha Wangwe, Mahakama Kuu Mei 2019 ikasema hii haikubaliki kikatiba, Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua. Tumebishana mpaka sauti zimekauka.

Basi na huku ni mkurugenzi.

Kweli. Msimamizi wa uchaguzi wa wilaya England kwa kawaida ni mtendaji mkuu wa halmashauri hiyo hiyo. Huyu wa Mid Suffolk tena ni wa halmashauri mbili, wanashirikiana na jirani zao Babergh, wafanyakazi ni wamoja na ofisi zao ziko Ipswich, nje ya wilaya zote mbili. Aliyeajiri huyo mtendaji ni madiwani. Yaani watu ambao ndo wagombea! Ukiichora kwenye karatasi, kwa namna moja hii ni mbaya kuliko ya kwetu: unasimamia uchaguzi wa mabosi wako.

Nikampelekea yule mzee wa konokono hilo swali. Mzee wangu, humwogopi huyo mtu? Akanitazama kama nimeuliza kama anamwogopa postamasta.

Akanieleza usiku wa kuhesabu unavyokwenda kwake, amefanya hiyo kazi chaguzi nyingi. Masanduku yanamwagwa mezani, kwanza wanahesabu karatasi tu bila kuangalia nani kapata nini, ilingane na idadi iliyotolewa kituoni. Halafu ndo zinatenganishwa. Yeye anasimama upande wa pili wa meza, haruhusiwi kugusa, ila macho yake yako kwenye vidole vya mhesabuji saa nzima. Karatasi zenye utata zinawekwa pembeni, mawakala wa vyama vyote wanaitwa, zinainuliwa moja moja, hii inahesabiwa, hii hapana. Kigezo ni kimoja, je nia ya mpiga kura inaonekana? Kulikuwa na mbunge wa Conservative wa Montgomeryshire kule Wales, Glyn Davies, 2015 alisimulia mwenyewe kwamba mtu alichora kitu nisichoweza kukitaja kwenye blogu inayosomwa na mama yangu, ila kilikaa vizuri ndani ya kiboksi chake, basi akahesabiwa kura.

Na hapo hapo kuna jambo ambalo kwetu lingewasha moto. Kila karatasi ya kura ina namba, na karani anaandika namba yako ya daftari kando ya namba ya karatasi uliyopewa. Maana yake mtu akitaka kweli kujua nilimchagua nani, njia ipo. Zinatiwa lakiri, hazifunguliwi bila amri ya mahakama, baadaye zinaharibiwa. Nikamwambia mzee, nyumbani kwetu hii peke yake inatosha watu wasije kituoni. Akasema hajawahi kuiwaza.

Hajawahi kuiwaza! Mtu wa miaka sabini na kitu.

Kijiti kirefu

Stori ninayoipenda kuliko zote haiko Suffolk, iko kaskazini karibu na Scotland. Northumberland, Mei 2017. Halmashauri ina viti 67, Conservative wamefika 33, wanahitaji kimoja tu wachukue yote. Kimebaki kiti cha South Blyth. Wanahesabu: mgombea wa Conservative 356, wa Liberal Democrats 356. Wanarudia kuhesabu. Vile vile.

Sheria inasema mkifungana ni bahati nasibu, msimamizi ndiye anachagua namna. Wakavuta vijiti, mwenye kirefu ndo diwani. Aliyevuta kirefu ni yule mama wa Liberal Democrats. Conservative wakabaki na 33, wakakosa wengi wa viti kwa urefu wa kijiti.

Wakaenda kuongoza kama chama cha wachache, basi.

Nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikapata wivu, na sasa kila nikiiwaza inanitia wasiwasi. Maana nimejiuliza: hawa watu wanakubali kijiti kwa sababu wanaaminiana sana, au kwa sababu kilichokuwa mezani hakikuwa na uzito wa kugombania?

Bili ya Machi

Kila Machi inakuja bili ya kodi ya halmashauri. Chukua yako uisome mistari ya chini, wengi hatusomi. Mstari wa kwanza, mkoa, huo unameza sehemu kubwa. Halafu polisi. Halafu wilaya, kisenti. Halafu kijiji chenyewe. Wilaya ndo inayokusanya hela yote, ila inayobaki nayo ni kidogo sana. Shule ni za mkoa. Barabara na mashimo yake, mkoa. Maktaba, mkoa. Huduma za wazee, ambazo ndo zinanilisha mimi, mkoa. Wilaya ina mapipa ya taka, vibali vya ujenzi, nyumba za kupangisha, mabwawa ya kuogelea, na mengine ya saizi hiyo.

Diwani hana mshahara, ana posho. Akishindwa kesho anaamka anaenda kazini kwake kama juzi. Hapotezi gari, hapotezi tenda, shemeji yake hafukuzwi kazi, hakuna anayemfungulia kesi. Sehemu nyingine za England, hasa ngazi ya vijiji, watu wanapita bila kupingwa sio kwa sababu wapinzani wameenguliwa, ila kwa sababu hakuna anayeitaka hiyo kazi.

Na wapiga kura wanajua. Kwenye chaguzi hizi za mitaa huku kujitokeza ni kama theluthi moja, ikizidi sana sio mbali na hapo. Watu wawili kati ya watatu wamebaki nyumbani.

Sasa weka pembeni yake Novemba 27, 2024, serikali za mitaa kwetu, CCM zaidi ya asilimia 98 ya viti. Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, siielezi, wote mnajua mlikuwa wapi. Mi nilikuwa hapa Stowmarket napiga simu ya mama haiiti, WhatsApp tiki moja, kutwa, siku ya pili, ya tatu, na jirani yangu ananiuliza kwa upole kama kwetu kuna matatizo ya mtandao.

Nilikuwa naamini miaka yote kwamba tatizo letu ni mfumo. Badilisha tume, mtoe mkurugenzi, weka sheria nzuri. Na bado nataka hivyo vyote, msinielewe vibaya. Ila huku mkurugenzi yupo, namba kwenye karatasi ipo, penseli inayofutika ipo, na matokeo yanakubalika kabla chai haijapoa. Kwa hiyo imani haikai kwenye karatasi peke yake. Kwangu inakaa hapa: anayeshindwa alikuwa amesimama mezani anaona vidole, na akishindwa anarudi nyumbani mzima, ataamka kesho na maua yake na konokono wake, miaka minne mbele anagombea tena.

Mpunguzie mshindi cha kuchukua, uone kama kuna atakayehangaika kuiba.

Lakini sina raha nalo hili jibu, nawaambia ukweli. Kwa sababu kama amani ya kura inanunuliwa kwa kuifanya kura iwe nyepesi, basi mimi nimepewa kura pale isipo na uzito, na nimenyimwa pale ambapo watu wanaifia.

Na yenyewe inafutwa

Desemba 2024 serikali ya London ikatangaza inataka kuondoa huu mfumo wa ngazi mbili, wilaya na mkoa, iwe halmashauri moja kubwa inayofanya yote. Februari 2025 Suffolk na Norfolk zikawekwa kwenye kundi la mwanzo. Uchaguzi wa mkoa uliokuwa ufanyike Mei 2025 ukasogezwa mwaka mzima mbele. Kwa hiyo halmashauri ya kwanza kabisa Uingereza kuwa na Green wengi, ile ya viti 24 kati ya 34, iko kwenye foleni ya kufutwa. Uchaguzi wake wa kawaida ungekuwa 2027.

Uchaguzi ulisogezwa mwaka mzima na sikuona aliyeandamana. Kwetu ingekuwaje? Nilitegemea angalau yule mzee angekasirika, akasema ah, hela itaokolewa labda. Hapo ndo niliona upande mwingine wa ule utulivu, kwamba mtu asiyehangaika akishindwa anaweza pia asihangaike akinyang'anywa.

Juzi nikamweleza dada wa Bukavu hayo yote, jikoni pale pale. Yeye ameshaamua, anaomba uraia wa Mwingereza, ada peke yake zaidi ya pauni 1,600, amekusanya shifti za usiku za kutosha. Ya Kongo ataiacha, anasema imemsaidia nini. Mi bado nasitasita na yangu, yeye ananiona mjinga kidogo.

Nikamuuliza ukishapata, siku ya kura utamuuliza mgombea nini cha kwanza? Hakufikiria hata sekunde.

"Basi ya Jumapili." Jumapili hamna basi ya kumleta kazini, analipa teksi.

Nikamwambia dada, mambo ya basi sio ya wilaya, ni ya mkoa, itabidi usubiri kura ya mkoa.

"Si umesema banaziunganisha?"

Nikamwambia ndo mpango.

"Basi baharakishe."